Mtu Asiye na Mtani

Mpira wenyewe ulikuwa umeshasahaulika. Hilo tulimalize mapema, maana najua kuna msomaji atakaa akingojea goli, na humu goli hakuna. Uwanja ulikuwapo, katikati ya mji, na milingoti yake imesimama pande zote mbili, lakini nyasi zilikuwa zimefika kifuani na mbuzi walikuwa wanazalia kwenye eneo la hatari. Ukimuuliza mtu mechi ya mwisho ilichezwa lini, atakwambia juzi. Ukimuuliza juzi ipi, atakukasirikia. Kilichobaki ni viwango. Kila Ijumaa mchana Sauti ilitoka kwenye mabomba ya bati yaliyofungwa juu ya nguzo, mtaa kwa mtaa, ikazitaja timu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mji mzima ulisimama kusikiliza. Mwenye tonge alilishika hewani, mwenye mtoto alimziba mdomo. Sauti ilikuwa ya nani, hakuna aliyejua. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa na mafua kidogo.

Na Sauti ikishasema, mji unatii. Sifumbi hapa, nasema jambo lilivyokuwa. Mtaa wa timu iliyopanda ulipanuka, vibaraza vyake vikainuka, upepo ukapata pa kupitia. Mtaa wa timu iliyoshuka ulijikunja. Mtu anaamka Jumamosi anakuta ukuta wa jirani umemsogelea, mlango uliokuwa ukifunguka wote sasa unafunguka nusu, na nguo zilizofuliwa hazina tena pa kuanikwa. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanaulizana tu, "Jana mmekuwa wa ngapi?" kisha kila mmoja anakwenda kupima mlango wake.

Shekue alikuwa mtu wa timu ya Nyuki. Kazi yake kinyozi, mwenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, na mlango wake aliupaka mistari ya manjano na nyeusi tangu enzi ambazo rangi ilikuwa ikitengenezwa ya kudumu. Mtaa wa Nyuki ndio uliokuwa njia ya makaburini. Wafu wa timu zote, wakubwa kwa wadogo, walipita mbele ya mlango ule, na Shekue alikuwa ameshazoea kuacha mkasi hewani kila jeneza lilipopita, mteja naye kajifunika shuka la kunyolea anasimama kwa heshima, nusu kanyolewa nusu bado.

Lakini hayo yote si kitu. Kitu alikuwa Dilunga.

Dilunga alikuwa mtu wa Siafu, fundi magodoro, anatembea kifua mbele makalio nyuma, na kabla hajasema neno lolote lazima akohoe, hata akiwa anataka kusema ndiyo tu. Kila asubuhi, akienda kazini, alipita kwa Shekue akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Ko. Mara moja tu.

"Inzi! Mmeamkaje?"

Na Shekue, bado yuko kitandani, hajanawa, hajajua hata leo ni siku gani, anajibu:

"Tumeamka salama, sisimizi. Chunga usikanyagwe."

"Nikanyagwe na nani? Na nyinyi wa chooni?"

"Pita hapo, pita! Usije ukaniletea foleni mlangoni!"

Kwisha. Dilunga anaondoka akikohoa na kucheka, Shekue anaamka. Naomba ulielewe hili vizuri: Shekue hakuwa anaamka kwa jogoo wala kwa jua. Alikuwa anaamka kwa kutukanwa. Siku za Alhamisi Dilunga alikuja kunyolewa, na Shekue, akiwa anamaliza, alimwachia kishungi cha nywele nyuma ya sikio pasipoonekana kwenye kioo. Dilunga alikuwa anakuja kugundua tawini kwao, wenzake wakishaangua kicheko, na hapo utamsikia anarudi mbio mtaa mzima. "Inzi mwanaharamu we! Umenifanya nini?" Akakikata mwenyewe kwa mkasi wa Shekue, akalaani, akaaga. Miaka nenda miaka rudi, na Dilunga hakuwahi kujipapasa sikio kabla ya kuondoka. Mtu wa kawaida angejiuliza kwa nini. Shekue hakujiuliza.

Mtani si adui. Adui anataka usiwepo. Mtani bila wewe anabaki mdomo wazi. Mtani ni mtu aliyepewa ruhusa ya kukutukana, na ruhusa yenyewe hakuna aliyeitoa, mliikuta ipo mlipozaliwa. Akikwambia wewe ni inzi, maana yake amekuona. Kakutazama, kakupima, kaona unafaa kusumbuliwa. Na siku ukifa, mtani ndiye anayesimama njiani kulizuia jeneza lako. Anavaa nguo yako, anatembea mwendo wako, anakohoa kikohozi chako, anakusuta ulivyokuwa mchoyo na muoga, mpaka wenye msiba wanacheka kilio kikiwa bado kooni. Jeneza halipiti mpaka mtani aridhike. Wawili hawa walikuwa wameshaahidiana. "Ukitangulia," Shekue alisema, "naivaa hiyo jezi yako ya damu ya mzee, natembea makalio nje mji mzima uone mlikuwa mnafuga nini." Na Dilunga akakohoa, akasema, "Ukitangulia wewe, nauchukua mkasi wako, namnyoa kila mwombolezaji nusu kichwa."

Walikuwa wanaahidiana mauti na wanacheka. Ndivyo watu wanavyokuwa wakiwa hawako peke yao.

Kisha Nyuki wakaanza kushuka.

Ijumaa ya kwanza watu wa Nyuki walikusanyika kwenye kijiwe cha kahawa wakiwa wamevimba. "Wamenunuliwa hao!" alisema mmoja, akalipiga benchi ngumi, kahawa ikamwagika. "Sisi wa kuwekwa chini ya Siafu? Sisi wenye makombe kabatini?" Mwingine akamwambia, "Kabati lenyewe liko wapi?" Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kabati liliko, na huyo aliyeuliza akaambiwa ni msaliti. Wengine walisema tatizo ni viongozi, wengine tatizo ni vijana wa siku hizi hawana uchungu, na mzee mmoja akasema pengine Sauti inasema kweli, jamani, mbona hatufikirii hilo, pengine ni kweli sisi ndio wabovu. Akafukuzwa kijiweni pale pale. Shekue alicheka sana siku ile, maana alijua kesho asubuhi Dilunga atakuwa na la kusema, na kweli alikuwa nalo. "Inzi! Nasikia mmeteleza kwenye uji!"

Wakashuka tena. Mtaa ukasinyaa. Kijiweni, mabenchi mawili yaliyokuwa yakitazamana yakawa yanagusana magoti, halafu ikabidi moja litolewe, na waliokuwa wanalikalia hawakurudi. Hasira iliisha kabla ya aibu kuanza, na hapo katikati palikuwa na kipindi kibaya cha ukimya ambapo watu walisikiliza Sauti wamekaa ndani, madirisha wamefunga, kila mtu na sikio lake. Asubuhi moja Shekue akaona nyumba ya kona imepakwa rangi ya chungwa. Akamuuliza mwenyewe, "Vipi, umehamia Radi?" Yule bwana hakuonyesha hata kuelewa swali. "Mimi nimezaliwa Radi," akasema, na jinsi alivyosema, jicho kavu kabisa, Shekue akaona kwamba hadanganyi. Rangi ilikuwa imeingia mpaka ndani, mpaka utotoni kwake. Nyumba ya pili ikafuata, na ya tatu, na mistari ya manjano na nyeusi ikawa inafutika mtaani mpaka ikabaki kwenye mlango mmoja tu.

Halafu ikaja Ijumaa ile. Sauti ikataja ya kwanza, ikataja ya pili, ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka ikafika chini kabisa, na huko chini kabisa ikataja timu ya watu wa ng'ambo waliohamia juzi. Nyuki haikutajwa. Baada ya hapo pakawa kimya, na Shekue akakisikiliza kimya kile kichwa kakiinamisha, akidhani Sauti inameza mate, inakaribia kusema. Na kweli ikasema. "Watani wa jadi," ikasema kwa mafua yake, "Siafu na Radi." Basi. Ikazimika.

Watani wa jadi! Loo! Siafu na Radi walikuwa hawajawahi kuombana hata chumvi. Lakini Sauti imeshasema jadi, na jadi ikawa.

Jumamosi asubuhi Shekue alilala akingojea. Alisikia kikohozi kinakuja toka mbali, akatabasamu gizani, akaandaa jibu, akalibadilisha, akaliandaa jingine kali zaidi. Kikohozi kikafika mlangoni. Hakikugonga.

"Shikamoo," alisema Dilunga.

Walikuwa rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja, waliota ndevu mwaka mmoja. Shekue alikaa kitandani, miguu imegusa sakafu baridi, mdomo wazi. Lile jibu kali likakosa pa kwenda. Na kwa kuwa shikamoo haikai bila kujibiwa, hata ukiwa unachinjwa, mdomo wake ukajibu wenyewe.

"Marahaba."

Nyayo zikaondoka. Na hapo, kabla hata ya kunawa uso, Shekue akajua kwamba amewekwa upande wa wazee, wa wagonjwa, wa watu wanaosogezewa kiti. Heshima ilikuwa imemwangukia kichwani na ilikuwa nzito.

Alhamisi Dilunga alikuja kunyolewa. Aliingia kwa ubavu maana mlango ulikuwa haufunguki zaidi ya pale, akaketi, akavua kofia akaiweka mapajani. Shekue akamfunga shuka shingoni, akaanza kumchokoza.

"Nasikia mmepewa watani wapya. Mtawaweza Radi nyinyi? Sisimizi mvua ikitajwa jina tu mnazama."

Dilunga akakohoa. Shekue akasimamisha mkasi, akangojea kwa hamu.

"Poleni, ndugu yangu," Dilunga akasema.

"Poleni na nini?"

"Na hiyo hali."

"Hali gani, Dilunga? Mimi nina hali gani?" Akaja mbele, akamtazama usoni. "Nitukane."

"Shekue, nyoa."

"Nitukane kwanza. Niite lile jina. Hata kwa kunong'ona."

"Nitakuita vipi?" Dilunga alikuwa anaitazama kofia yake. "Katibu Kibwe katangaza tawini. Kasema tukiwatania Nyuki tunajishusha, Sauti itatushusha na sisi. Na hata bila Kibwe, we fikiria. Utani ni wa walio sawa. Zamani ulikuwa unanirudishia. Sasa hivi nikikuita vile, watu watasema namwonea mtu."

"Watu gani? Humu tumo wawili."

Dilunga akainua macho akatazama kwenye kioo. Walikuwamo wawili kweli, na ufa umepita katikati yao. Akayashusha tena.

"Nyoa, ndugu yangu."

Hilo *ndugu yangu* ndilo lililomchoma. Shekue alikuwa na ndugu wengi na hakuna hata mmoja aliyemwamsha asubuhi. Alinyoa, na alipomaliza, mkono wake, bila yeye kuuambia, ukaacha kishungi nyuma ya sikio. Dilunga akashukuru, akavaa kofia, akatoka kwa ubavu. Shekue akabaki mlangoni, ufagio mkononi, akisikiliza. Atafika tawini sasa hivi. Atavua kofia. Watacheka. Atarudi mbio. Nywele za chini zikapeperushwa na upepo zikarudi ndani, na Dilunga hakurudi. Kesho yake alipita, akavua kofia kwa heshima, akasema shikamoo, na kishungi kilikuwa palepale. Siku zilizofuata vilevile. Hakuja tena kunyolewa. Alinyolewa kwa kinyozi wa Siafu, kichwa kinang'aa, na kishungi kikabaki kimening'inia nyuma ya sikio, kinarefuka. Shekue akakisoma kile kishungi kwa uchungu. Hajakiona hata kidogo, alijiambia. Nimemwekea neno kichwani na hajalisikia.

Sasa nikwambie Shekue alikokwenda. Penye nguzo kubwa, katikati ya mji, chini kabisa, palikuwa na bomba jingine la bati limechomekwa ardhini, mdomo wazi. Hapo ndipo watu walipelekea malalamiko yao. Kila timu ilikuwa na msururu wake, na kila mtu akifika anainama, anapiga kelele ndani: mmetuonea, mmewapendelea wenzetu, mnajua mpira nyinyi, hatukubali! Msururu wa Radi ulizunguka uwanja mzima, mbuzi wamepisha. Shekue akasimama pale ambapo msururu wa Nyuki ungekuwa. Zamu yake ikaja haraka, hapakuwa na mtu mbele wala nyuma. Akainama. Alikuwa amepanga kuuliza kuhusu nafasi, kuhusu makombe, kuhusu kabati. Akasikia anasema neno tofauti.

"Naomba mtani wangu."

Kisha juu, kwenye mabomba yote, mji mzima, kwa ile sauti yenye mafua, ikatoka, "Naomba mtani wangu." Kwa kusita kule kule. Kwa kukwama kule kule kwenye *mta*. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa halikuwa jina la timu. Papo hapo ikafuata kelele ya Radi, imeingia chini ikatokea juu, na waliokuwa kwenye msururu wakaipigia makofi wakidhani wamejibiwa. Shekue akarudi nyumbani polepole. Kumbe Sauti haina neno lake mwenyewe hata moja! Kumbe ni sisi tunaonguruma humo, anayenguruma sana ndiye wa kwanza, na anayenyamaza kwa aibu, kama tulivyonyamaza sisi, madirisha tumefunga, huyo hayupo. Alitaka kumwambia mtu jambo hili. Alipofika mtaani kwake akapita mlango mmoja, akapita wa pili, akatafuta mtu wa kumwambia.

Akalala. Au hakulala. Mawazo yakawa yanamjia vipande vipande.

Nani kasema mimi ni Nyuki. Baba. Na baba aliambiwa na nani. Nikiamka na rangi ya chungwa kama jirani, nitajua kwamba nimeamka mwingine? Atakayejua ni nani? Mlango una mistari. Mlango unajua. Mlango si mtu. Inzi. Niite. Mtu hawezi kujiita inzi mwenyewe, nimejaribu, halisikiki kama tusi, linasikika kama ugonjwa. Lazima litoke nje. Kila kilicho changu kilitoka nje. Jina nilipewa. Tusi nilipewa. Shikamoo nayo nimepewa. Hii ya mwisho siitaki, mwenyewe aje aichukue.

Asubuhi moja kikohozi hakikuja. Haikuja hata shikamoo. Jua likapanda mpaka likaingia ndani kwa ubavu kama wateja, na Shekue bado yuko kitandani, hajui aamke kwa lipi. Alipogongewa mlango, alikuwa ni Mwajabu, dada yake Dilunga aliyekuwa akikaa naye, khanga kajifunika mpaka kwenye paji.

"Kaka Shekue," akasema, "mtani wako ametutoka alfajiri."

*Mtani wako*. Shekue akashika mwimo wa mlango.

"Njoo," Mwajabu akamwambia. "Wameshamkafini. Ni Ijumaa leo, wanataka wamzike mapema, lakini Kibwe kasema wangojewe Radi. Eti wao ndio watani, waje wazuie jeneza. Kawatumia ujumbe toka asubuhi." Akafuta jicho. "Radi wanamjua Dilunga? Watatembea mwendo gani? Watakohoaje?"

Akatoa kitu chini ya khanga. Ilikuwa jezi ya Siafu, nyekundu iliyoiva kuelekea weusi, kwapani imechakaa.

"Na kile kishungi," akasema. "Kinyozi wao alitaka kukikata, akamfokea mpaka kiti kikaanguka. Akanyolewa kwa kukizunguka. Mimi nikamwambia, kaka, unatembea na aibu hiyo hadharani? Akakohoa pale, akasema, hii nimeachiwa, si ya kukatwa na mtu mwingine. Waoshaji wameuliza, nikawaambia wakiache. Kafa nacho, ndivyo atakavyozikwa."

Shekue akaichukua jezi. Alitaka kusema asante, akasema, "Mpumbavu yule," na akalia waziwazi, mbele ya mwanamke, hakujificha. Mwajabu akamwitikia kwa kichwa. Ndilo neno alilolifuata.

Msiba ulikuwa kwenye mtaa wa Siafu, mtaa mpana, wenye upepo. Walingoja. Jua likasogea. Radi hawakuja, na ukiniuliza mimi nitakwambia hawakuwa hata na habari, maana huko juu jina la Siafu walilisikia kwenye mabomba tu. Mwishowe Kibwe akaamuru jeneza liinuliwe. Msafara ukaja mpaka mahali mtaa mpana unapoishia na mtaa wa Nyuki unapoanza, mwembamba hata mtu mnene angetoa pumzi nje kwanza ndipo apite. Hapo, katikati ya njia, alikuwa amesimama Shekue ndani ya jezi ya Siafu. Kifua mbele. Makalio nyuma.

"Shikamoo mzee," Kibwe akasema kwa upole. "Tunaomba njia."

Shekue akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenyewe, na mmoja wa wabebaji akashtuka akalitazama jeneza.

"Njia ya kwenda wapi?" akasema kwa sauti ya Dilunga. "Mimi ndiye nimelala humo, na sijaridhika."

"Mzee, wewe si mtani. Ulikuwa. Nyuki haimo kwenye viwango, na watani wetu ni Radi."

"Wako wapi?"

"Wanakuja."

Na Shekue alipofungua mdomo kumjibu, mabomba yakakwaruza juu ya nguzo. Ilikuwa saa ya Sauti. Wote pale wakanyanyua nyuso. Wabebaji wakalitua jeneza chini, taratibu, vumbini, wapate kusikiliza vizuri, na Kibwe akaweka kiganja nyuma ya sikio. Sauti ikawa inapenga mafua yake, bado haijataja timu. Basi Shekue akabaki yeye na mfu wake, katikati ya watu ambao hawakuwapo. Akatembea mwendo wa Dilunga kwenda na kurudi mbele ya jeneza. Akashona godoro hewani, akajichoma sindano, akaruka. Akajifanya anavua kofia, akajipapasa nyuma ya sikio, akagundua, akapiga kelele, "Inzi mwanaharamu we! Umenifanya nini?" Siku nyingine mtaa mzima ungeanguka kwa kicheko. Hakuna aliyemtazama. Alifanya yote, hakuruka hata moja, alimsuta uchoyo wake na uoga wake, hasa uoga, akamwambia, "Uliogopa watu wasiokuwapo, sisimizi we, humo ndani tulikuwamo wawili." Jasho likamtoka.

Na Sauti ikasema, "Ya kwanza, Siafu."

Ulilipuka mlio ambao sijui niuite nini msibani. Kibwe aliruka. Wabebaji walilinyakua jeneza toka chini wakaliinua juu ya vichwa, mikono imenyooka, kama kombe, wakaimba, wakalitikisa, na Dilunga akapandishwa na kushushwa hewani humo. Kisha wakaingia nalo mtaani kwa Nyuki wakiwa bado wanaimba, na Shekue, kwa kuwa hakuna nafasi ya mtu na msafara, akasukumwa nyuma, nyuma, nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango wake mwenyewe. Akaingia kwa ubavu. Akaufunga.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya sabuni. Akaketi kitandani. Nje waliimba, halafu kuta zikawabana, wimbo ukapungua, zikabaki nyayo na pumzi na watu wakielekezana, lilaze upande, shusha kidogo, angalia ukuta. Walikuwa wamefika mlangoni.

Ko.

Mara moja tu.

Ulikuwa mti wa jeneza. Shekue alijua ni mti wa jeneza, mtaa ni mwembamba, na jeneza lolote siku ile lingeugonga mlango ule. Alilijua hilo barabara. Akafuta uso kwa mkono wa jezi.

"Tumeamka salama, sisimizi," akasema. "Chunga usikanyagwe."

Akangojea kidogo, kwa mazoea. Kisha akaivua jezi, akaitandaza juu ya kiti cha kunyolea, mikono yake imelala kwenye mikono ya kiti, akakaa karibu nayo mpaka nyayo zote zikaisha kupita.